Nafasi ya Kificho

Mzee Jecha alikuwa barazani kwake Mkoani, ungo mapajani, akichambua mchele, bintiye Ruweida alipoingia na karatasi mkononi na furaha imemjaa usoni. Ruweida ni mwalimu wa skuli. Kwa wiki tatu alikuwa na jambo analomficha baba yake, na siku hiyo lilimshinda kulificha.

"Bingwa wangu, weka huo ungo chini," alisema, akakaa kwenye mkeka mbele yake. "Mwezi ujao tuna siku ya michezo. Zitakuja skuli saba. Na mbio za kuruka viunzi tumezipa jina lako. Kombe la Mzee Jecha! Utalikabidhi kwa mkono wako, na utasema maneno mawili matatu."

Mzee Jecha aliokota chuya moja, akaitupa. Akaokota nyengine.

"Nani kawaambia habari za viunzi?"

"Mie. Kwani ilikuwa siri? Kijana wa Pemba kaenda Ujerumani mwaka sitini na saba, karuka viunzi na Wazungu, karudi na medali. Watoto wa siku hizi wanafaa walijue hilo."

Mzee alikuwa na miaka sabini na saba, mjane, mstaafu wa bandari, mtu wa kuheshimiwa mtaani. Ruweida alimtazama mikono yake, akaona imesimama juu ya mchele.

"Ni lini hiyo siku?"

"Jumamosi ya pili."

"Basi kabla ya hapo nipeleke Kiuyu."

"Kiuyu kuna nani, baba?"

"Kuna mwenye kombe lake," alisema, akainuka na ungo wake, akaingia ndani.

Kiuyu kulikuwa na mtu aitwaye Kificho, na habari yake Ruweida hakuwahi kuisikia hata siku moja.

Mwaka ule wa sitini na saba alikuja Pemba Mjerumani mmoja mrefu, mkavu, nywele zake nyeupe zimekatwa karibu na ngozi. Aliletwa na serikali ya kwao, ile ya Mashariki, kufundisha michezo maskulini. Jina lake Ewald, lakini ndimi za Pemba zililigeuza, akawa Mwalimu Evadi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa hauna vidole viwili, na wanafunzi walipomwona bila viatu walinong'ona kwamba vililiwa na papa. Watu walidhani atafundisha mpira. Badala yake alipanda baiskeli hadi Ole kwa seremala, akachongesha viunzi kumi vya mpopoo, kila kimoja kinamfika mtu kitovuni, akavipanga kiwanjani Chake Chake kwa mstari mmoja. Kisha mzee yule wa miaka hamsini na minane akavua shati, akavikimbilia na mguu wake ule mbovu, akaruka vitatu. Cha nne kilimwangusha. Aliinuka anacheka, damu inamtiririka muundini.

"Ains, zvai, drai, hop!" aliwahesabia. Hatua tatu, ruka. Hatua tatu, ruka. Ilikuwa haipiti wiki bila watoto wa mitaani kuhesabu Kijerumani wakiruka madimbwi.

Kati ya vijana wote waliojaribu, wawili ndio waliobaki hadi mwisho. Mmoja Jecha wa Mkoani, mwana wa mchukuzi wa bandarini, ambaye babu yake alikuja kutoka bara. Alikuwa na kifua, ana mbio kama mbuzi aliyekata kamba, lakini kiunzi alikipiga vita. Alikiruka kama adui. Wa pili Kificho wa Kiuyu, mwana wa mkulima wa muhogo, mwembamba, mpole, anayeruka viunzi kama mtu avukaye kizingiti cha chumba chake. Walilala dahalia moja, kitanda cha huyu kinagusana na kitanda cha yule. Walikula sinia moja. Jioni waliosheana miundi kwa maji ya chumvi, maana mpopoo ukikukwaruza ni moto, na Kificho ndiye aliyekuwa akimkosoa mwenziwe mpaka usingizi unawachukua: mkono wako unautupa nje, goti lako unalilegeza. Kwa miezi saba Jecha hakumshinda Kificho hata mara moja, wala hakumchukia kwa hilo.

Ikaja nafasi. Kijana mmoja tu wa Pemba achukuliwe Ujerumani, afundishwe nusu mwaka, ashindane. Mwalimu Evadi aliwakimbiza mara tatu, saa mkononi. Mara zote tatu Kificho. Akaandika jina lake, akalipeleka afisini, na Kificho akaenda kwao Kiuyu kuaga wazee.

Jumatatu karatasi ilirudi. Jina la Kificho limepigwa mstari. Baba yake Kificho, kabla ya serikali kubadilika, alikuwa mtu wa chama kile kilichopinduliwa. Alisimama hadharani akakisemea, na watu wakamkumbuka. Juu ya mstari ule mtu ameandika kwa wino mwekundu: Jecha.

Mwalimu Evadi alikwenda kwa mkuu wa serikali pale Pemba wa wakati ule. Waliokuwa nje walisikia sauti zikipanda, kisha ya Mjerumani ikashuka, kisha haikusikika tena. Alipotoka alikuwa mwekundu hadi masikioni. Alasiri akamwita Jecha kwenye ghala la vifaa, wakakaa juu ya viunzi vilivyolazwa, na kwa Kiswahili chake cha kuokotezaokoteza akamsimulia maisha yake.

Alizaliwa mwana wa mtengeneza ngozi, katika mji wa viwanda. Vita vya kwanza vya dunia vilimchukulia baba, njaa ikamchukulia dada. Alipokuwa na miaka kumi na mitano aliingia klabu ya riadha kwa sababu walikuwa wanawapa watoto maziwa. Huko alikutana na Julius, mtoto wa muuza dawa, Myahudi. Wakawa wawili wa viunzi, miaka tisa. Julius mbele, Ewald nyuma yake kwa hatua moja. Mji mzima uliwajua hivyo. Walifanya kazi mchana na kukimbia jioni, na mara nyengine Julius alimwibia mafuta ya kuchua dukani kwa baba yake. Kisha wakaja watawala wale waliowachukia Mayahudi. Klabu ikabandika tangazo mlangoni, na jina la Julius likafutwa. Mwenyekiti akamwita Ewald: kuna mashindano makubwa nje ya nchi, utakwenda wewe.

"Nilikwenda," alisema Mwalimu Evadi. "Nilikuwa wa nne. Sikufukuza Julius mimi. Mimi mtu mdogo. Lakini nyumba yake, mitaa miwili tu kutoka kwangu. Sikwenda kwake kabla ya safari. Niliporudi sikwenda. Duka la baba yake nilipita mbali, njia nyengine, ndefu, kila siku. Miaka mitano, Jecha! Miaka mitano nilipita njia ndefu."

Kisha vita vya pili. Yeye alipelekwa Urusi, akashikwa, baridi ikamla vidole. Aliporudi mji umekuwa kifusi. Akauliza. Akaambiwa Julius na mama yake walipakiwa kwenye treni pamoja na wengine, na treni ile haikurudisha mtu.

"Mimi sina wa kumwendea," alisema. "Wewe unaye. Kiuyu si mbali. Sikwambii usisafiri, ukikataa wewe, watampa mtu mwengine. Lakini nenda kwa Kificho. Umwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla hajaambiwa na watu."

Jecha alikuwa na miaka ishirini. Aliapa kwa Mungu kwamba atakwenda kesho.

Na kesho yake alikwenda kweli. Aliazima baiskeli ya Mwalimu, akatoka Chake na alfajiri, njia nzima akipanga maneno. Alipofika Ole, seremala yule aliyechonga viunzi alikuwa nje ya kibanda chake. "Ndiye weye unayekwenda Ujerumani?" alimpigia kelele. "Njoo nikupe mkono!" Watu wakatoka. Wanawake waliokuwa wakimenya muhogo wakapiga vigelegele. Mtu mmoja akamkatia dafu. Hakuna katika maisha yake aliyewahi kumshangilia Jecha, mwana wa mchukuzi, na furaha ile ilimwingia kama pombe. Alikaa pale mpaka jua likawa kali. Akajiambia kwamba Kificho atakuwa shamba saa hizi. Akajiambia atakwenda kesho kutwa. Aligeuza baiskeli, akarudi Chake.

Mwalimu Evadi, kwa upande wake, hakutulia. Siku ya Alhamisi alikwenda tena kwa mkuu yule, na mara hii hakushusha sauti. Alikataa kutia saini karatasi za safari; zikatiwa na mtu mwengine. Kabla ya siku mbili alikuwa amepewa tiketi ya kurudi kwao na aibu ya kufukuzwa. Asubuhi ya kuondoka, sanduku lake la mbao mlangoni, alimshika Jecha mabegani.

"Ulikwenda kwa Kificho?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia. Kanipa radhi."

Uso wa mzee yule ulifunguka. Jecha hakuwahi kumwona vile, hata siku za ushindi. Alimkumbatia, akamtikisa kama mtoto, akasema, "Basi wewe umenishinda mimi. Umenishinda!" Akapanda gari akiwa anatabasamu, na hakuonekana tena Pemba.

Wiki iliyofuata Jecha naye alipanda meli Mkoani. Wanafunzi walikuja kumuaga, na ndugu, na wachukuzi wenzake baba yake. Meli ilikuwa imekwisha kufunguliwa kamba aliposikia jina lake. Akatazama chini. Kificho alikuwa amesimama ukingoni mwa gati, vumbi limemfika magotini, mkono juu. Akaita mara ya pili. Macho yao yalikutana. Jecha akageuza uso, akajifanya anazungumza na baharia aliyekuwa karibu naye, na sauti ikaita mara ya tatu, kisha mngurumo wa injini ukaifunika.

Ujerumani alivumilia hamu ya nyumbani na baridi, akafundishwa, akashindana. Siku ya mbio kubwa alikuwa wa pili, karibu sana na wa kwanza, mpaka goti la mguu wake wa nyuma lilipokigonga kiunzi. Alipepesuka, akamaliza wa tatu. Aliambiwa Mwalimu Evadi anaishi mji mwengine, mwendo wa saa tatu kwa treni, na kwamba angefurahi kumwona. Alisema hana nafasi. Baada ya miaka minne, Mjerumani mmoja aliyeshuka Mkoani alimpa habari kwamba Evadi amekufa kwa ugonjwa wa mapafu.

Medali ilimpatia Jecha kazi ya ukarani bandarini. Kazi ilimpatia mke, mke akampatia watoto, na watoto wakasoma. Kificho alibaki Kiuyu na jembe lake. Pemba si kubwa, lakini mtu akitaka kumkwepa mwenziwe ataweza. Harusi za upande wa kaskazini Jecha hakwenda. Mwaka wa themanini na nne alimwona sokoni Wete, anauza muhogo kwa kikapu, naye akasimama nyuma ya lori la karafuu mpaka Kificho alipomaliza kuuza. Kutoka Mkoani hadi Kiuyu ni mwendo wa saa mbili tu kwa gari. Jecha ulimchukua miaka hamsini na saba.

Ruweida aliazima gari ya mwalimu mwenziwe. Njiani aliuliza mara mbili wanakwenda kwa nani, baba yake akasema, "Rafiki yangu wa skuli," kisha akatazama nje.

Walielekezwa nyumba. Bi Time, mke wa Kificho, alikuwa uani anachekecha unga. Alimpokea Ruweida kwa mikono miwili, kama wanavyopokewa wageni, akasema mzee yupo ila hawezi. Moyo umetanuka, miguu imejaa maji, kutoka kitandani mpaka ashikwe. Aliingia kumwambia. Mzee Jecha alibaki mlangoni na kofia yake mkononi, akasikia wazi sauti ya mwanamke ikisema, "Kaja mgeni kutoka Mkoani. Anasema yeye Jecha."

Kuku wa uani wakasikika wakiparura.

"Mwambie apite," sauti ya mwanamume ilisema. "Kachelewa, lakini apite."

Kificho alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba ukumbini, mito mitatu mgongoni. Kifua kimebaki mbavu, lakini macho yalikuwa yale yale, mapole, hayana haraka. Miguu iliyovimba ilikuwa nje ya shuka, na kwenye miundi bado yalionekana makovu meupe ya mpopoo. Mzee Jecha alisimama katikati ya chumba, akasema maneno aliyoyapanga tangu usiku wa kuamkia safari.

"Kificho, nimekuja kukutaka radhi."

"Kaa kwanza. Haombi mtu radhi kasimama kama mtoza kodi."

Alikaa kwenye kigoda. Bi Time alileta maji, akatoka, akamchukua Ruweida jikoni.

"Nafasi ile ilikuwa yako," alisema Mzee Jecha.

"Ilikuwa yangu," Kificho alikubali. "Na walioichukua ni wakubwa, si weye. Ungeikataa, wangempa mwengine, tena pengine wa mbio za konokono. Hilo mie nililijua siku ile ile. Ndilo lililokuleta?"

"Ndilo."

"Basi umekuja na la kwako. La kwangu silo."

Alitaka kujiinua kidogo, akashindwa. Jecha akanyanyuka kumsaidia. Kificho akainua kiganja, akamzuia, akajivuta mwenyewe taratibu huku pumzi ikimkata.

"Habari niliipata Jumanne kwa mpita njia," alisema alipopata pumzi. "Nikamwambia mama, usilie, Jecha atakuja kunambia ilivyokuwa. Mama akashika kuku, akamfunga mguu kwenye mlango wa jiko. Akasema, huyu wa Jecha, akifika tu namchinja. Kuku yule kakaa pale siku nne, Jecha. Akimwaga maji, akinya mlangoni, watu wakimruka. Kila atokezaye njiani mama anachungulia. Siku ya tano akamfungua kamba, hakunambia neno. Akaenda zake kupalilia."

Mzee Jecha aliinamisha kichwa. "Nilifika Ole," alisema. "Nilikuwa nakuja. Nikarudia Ole."

"Ole!" Kificho alirudia lile neno kama mtu anayepima kitu mkononi. "Hapo Ole! Nami nikasema, labda kazuiwa, labda wamemkataza kuonana nami. Siku ya meli nikatoka kuno na usiku, kwa miguu, mpaka Mkoani. Ulidhani nimekuja kufanya nini?"

"Nilidhani umekuja kunitukana."

"Nilikuja kukwambia kiunzi cha saba."

Mzee Jecha aliinua uso.

"Ulikuwa ukifika cha saba unachoka, mguu wa nyuma unaushusha kabla haujavuka. Nilikuwa nikikwambia kila siku kitandani, na kila siku unasahau. Nikaona, Mwalimu kaondoshwa, Jecha anakwenda peke yake kwa watu asiowajua, nani atamkumbusha? Nilikuja na neno hilo tu. Nikakuita mara tatu. Ukanitazama, ukanipa kisogo."

"Nilikigonga," alisema Jecha. "Cha saba. Nilikuwa wa pili, nikakigonga."

"Nilijua," alisema Kificho.

Hakulisema kwa kisasi, na hilo ndilo lililomuumiza Jecha. Machozi yalimtoka mzee yule, yakamshuka kwenye ndevu, naye hakuyafuta. Jikoni wanawake walikuwa wakicheka jambo fulani.

"Na Mwalimu?" Kificho aliuliza. "Mwalimu aliondoka akijua nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Mzee Jecha alilitoa neno lile. "Aliondoka akijua nilikuja kwako. Aliniuliza, nikamwambia nimekuja, na umenipa radhi. Alifurahi. Alinikumbatia. Akanambia nimemshinda."

Akamsimulia habari ya Julius, na treni, na njia ndefu ya miaka mitano; Kificho alikuwa hakuwahi kuisikia. Alisikiliza hadi mwisho, macho kwenye makuti ya paa. Kisha akayafumba, na chozi moja likapenya pembeni, likateremka hadi sikioni.

"Maskini Mwalimu," alisema. "Alipoteza kazi yake kwa ajili yangu, akaenda na uwongo. Hilo, Jecha, si langu kusamehe. Mwenyewe hayupo."

"Na lako?"

"Langu nilishakusamehe zamani. Kila Ramadhani nikiwasamehe watu wangu nilikutaja na weye, kwa jina lako na la baba yako, Mungu amrehemu. Kesho mbele ya Mola sikudai kitu. Tulia na hilo." Akakusanya pumzi. "Lakini kama umekuja kutafuta urafiki, sinao tena. Si kwamba nimekunyima. Nimeutafuta hapa, hata ulipokuwa ukilia nimeutafuta, sikuuona. Yule aliyekuwa rafiki yako alikungoja siku nne, ukaisha uvumilivu wake. Mie mzee mwengine tu."

Mzee Jecha alisema kwamba watu wa skuli wanataka kumpa kombe, na kwamba yeye atasimama mbele yao siku hiyo, awaambie kombe ni la Kificho, awaambie yote.

"Usinitaje," alisema Kificho, na hapo sauti yake ikawa kali. "Wajukuu zangu wananijua mkulima, na muhogo wangu wanausifu. Usinigeuze mtu wa kuonewa huruma ili weye ulale vizuri. Kombe likatae au lichukue, ni hiari yako. Jina langu liache."

Walipoagana, Mzee Jecha alimpa mkono. Kificho akaupokea kwa adabu, akauachia. Bi Time aliwafungashia muhogo na samaki mkavu, akawasindikiza hadi kwenye gari, akaiandika namba ya Ruweida kwenye simu yake. Alisema mzee amefurahi kupata mgeni.

Walikuwa wamefika katikati ya kisiwa Mzee Jecha alipomwambia bintiye asimamishe gari. Akamweleza yote, toka mstari wa wino hadi kuku. Ruweida alisikiliza mikono juu ya usukani, anatazama mbele.

"Mie nimesoma kwa mshahara wako wa bandari," alisema mwisho.

"Ndiyo, mwanangu."

"Na bandari walikuajiri kwa medali."

"Ndiyo."

Hakumlaumu. Aliwasha gari. Wiki hiyo aliwaambia walimu wenziwe kwamba baba yake si mgonjwa wala si mzima, kombe walitafutie jina jengine, na wakalitafutia. Aliendelea kuja kila alasiri, kumfulia, kumpikia, kumuuliza dawa amekunywa. Aliacha tu kumwita bingwa wangu. Alimwita baba, na Mzee Jecha hakuthubutu kumuuliza kwa nini.

Mara moja zaidi alikwenda Kiuyu, peke yake. Alimkuta Kificho amelala, akakaa kwenye kigoda mpaka alipoamka. Kificho alimtazama, akamsalimia, akamuuliza mvua Mkoani imenyesha kiasi gani, na mpunga umekubali? Jecha akajibu kuwa imenyesha ya kutosha. Wakazungumza mvua. Wakazungumza bei ya karafuu. Kificho alikuwa akimjibu kila kitu kwa adabu, kama anavyojibiwa jamaa wa kijiji cha pili, na Jecha akatamani angetukanwa.

Mwezi mmoja baadaye, Ijumaa asubuhi, simu ya Ruweida ililia. Alikuwa Haidar, mwana mkubwa wa Kificho. Baba amefariki baada ya sala ya alfajiri, maziko ni adhuhuri.

Walifika jeneza likitoka msikitini. Watu walikuwa wengi kuliko Mzee Jecha alivyotazamia: wakulima, wavuvi, vijana waliofundishwa na Kificho kupanda mbegu, wanawake kando ya ua wakimtaja kwa vilio vya chini. Alijipenyeza mara mbili ili apate kulishika jeneza, na mara zote mbili lilikuwa limezungukwa na wenye haki yake. Alilifuata nyuma, akitembea kwa shida kwenye njia ya mchanga. Kaburini alirusha udongo wake mara tatu, akarudi nyuma kuwapisha wengine.

Dua ilipokwisha Haidar alipita akiwashukuru watu mmoja mmoja. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini, mwembamba, na alipoinama kumpa mkono Mzee Jecha macho yake yalikuwa mapole, hayana haraka.

"Ahsante kwa kuja, mzee wangu. Unisamehe, nataka niwajue watu wa baba. Weye ulikuwa nani wake?"

Watu walikuwa nyuma ya Mzee Jecha wakingoja zamu yao ya kutoa rambirambi.

"Tulisoma pamoja, Chake," alisema.

"Ahaa. Baba hakuwa akizungumza sana habari za skuli." Haidar alimshika mkono kwa heshima, akamsogeza pole pole kutoka kwenye njia, akamwonyesha mkeka chini ya turubai. "Kaa pale, mzee, upumzike. Pale ndipo tulipowawekea wageni waliotoka mbali."